Kupiga mbizi ndani ya chai ya rangi

Nilijifunza kupiga mbizi Mombasa, ambako hata mita kumi chini unamwona samaki akipita zake kwa mbali. Nilipohamia Entebbe nikadhani Ziwa Viktoria ni bahari isiyo na chumvi, basi. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono, vidole vyangu sikuviona.

Kosa langu lilianzia kwenye mshipi wa risasi, yaani vipande vya madini mazito vya kukuzamisha. Nilivaa uzito uleule wa Mombasa, nikazama kama jiwe la kusagia, maana maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama ya bahari. Nikatua kwenye tope, likafumka lote. Hapo hata tochi ni bure. Mwanga unakurudi usoni kama taa za gari kwenye ukungu. Siku hizi napunguza risasi, na najipima juu kabla ya kushuka.

Lakini kinachotisha hasa ni nyavu zilizoachwa. Karibu na kisiwa kimoja cha Ssese nilihisi navutwa nyuma ya shingo. Nikageuka kutazama (nitazame nini, na giza lile?), na kila nilipogeuka uzi wa plastiki ukazidi kujizonga kwenye koki ya mtungi wa hewa mgongoni. Pumzi zikaanza kwenda mbio. Bahati nilikuwa nimefungana na mwenzangu kwa kamba fupi. Nikaivuta mfululizo, ishara yetu ya hatari, kisha nikatulia tuli. Akanipapasa kuanzia begani mpaka kwenye koki, akakata uzi mmoja mmoja. Kwa hiyo kisu chako kikae kifuani. Cha mguuni hukifikii ukinaswa.

Ukipotewa na juu na chini, weka kiganja mbele ya mdomo utoe pumzi: mapovu yanakokwenda ndiko juu.

Jambo jingine wageni hulisahau: ziwa hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Mita 18 za hapa zihesabu kama 20 na ushee za pwani. Na ukitoka majini usipande gari jioni hiyohiyo kwenda Kabale: huko ni juu zaidi, na gesi iliyoingia mwilini ukiwa chini inaweza kutoa mapovu ndani yako.

Kichocho kipo. Ingieni kwa mashua, mbali na matete wanakokaa konokono, na baada ya wiki kadhaa mwone daktari akupime.

Wavuvi wa Kalangala hutuuliza tumeona nini huko chini. Huwa nawaambia ukweli: kiganja cha mwenzangu, mara mbili.