Re: destruction na devastation ni kitu kimoja?
Ndugu yangu umeuliza kama "destruction" na "devastation" ni sawasawa, aah si sawa kabisa. Destruction ni uharibifu wowote, kitu kimevunjwa ama kimeungua mpaka basi, kama yale makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala, yalivyoungua 2010, lakini devastation inabeba eneo zima, kumbuka Bududa, mashariki mwa Uganda, mwaka uleule mlima uliporomoka ukafunika kijiji, hapo mi nasema maangamizi. Demolition rahisi tu, tingatinga limekuja kubomoa kibanda makusudi. Sasa banange hiyo "decimate" ndo watu wanairusha ovyo, asili yake Kilatini, jeshi la Roma likiadhibu kikosi linaua askari mmoja katika kila kumi, ingawa siku hizi ukiitumia kwa maana ya kuangamiza wengi utaeleweka tu.