Msitu ukifyekwa, ugonjwa mpya unatoka wapi?

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtu afyeke msitu alime, halafu eti kizuke kirusi kipya. Hakiletwi na jembe. Kilikuwemo siku zote kwa wanyama wa humo, sisi ndio tumekisogelea.

Chukua kirusi cha Nipah, Malaysia, 1998. Popo wakubwa wala matunda wanabeba kirusi hicho na wala hawaumwi. Misitu yao ilikuwa inapungua, huku wafugaji wa nguruwe wakipanda miembe kando ya mabanda ili wapate hela mara mbili. Popo hachagui mwembe wa nani. Watafiti wanaeleza kwamba anang'ata embe, anamung'unya, anaangusha kipande chenye mate yake bandani, nguruwe anakiokota. Nguruwe wakaanza kukohoa, wakawaambukiza waliowahudumia. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya ubongo inayoletwa na mbu, wakapuliza dawa na kuchanja watu, wapi! Watu zaidi ya 100 walikufa, nguruwe kama milioni moja wakauawa.

Na si lazima ugonjwa uwe mpya. Kule Kabale, Uganda, mabonde ya mafunjo yalipofyekwa yakalimwa, joto lilipanda na mbu wa malaria wakaongezeka kuliko kwenye mabonde yaliyoachwa.

Kwa hiyo usiangalie miti iliyokatwa tu, angalia na kilichowekwa mahali pake. Shamba lako wewe linapakana na nini, na mifugo inalala wapi?