Daftari la kila siku: majibu ya maswali yenu

Mwezi uliopita niligusia hapa kwamba naandika shajara tangu Desemba 1997, mvua za El Nino zilipokata barabara ya kwetu, shule zimefungwa, nikakaa ndani siku nne sina la kufanya. Aya ile moja imeniletea maswali mengi kuliko yale ya malezi na mbolea. Nimechukua matano.

Shikamoo mwalimu. Nilianza kuandika Januari. Nikirudia kusoma naona mvua, chai, mvua, chai, nimekwenda sokoni. Faida yake iko wapi? (Kijana, Tukuyu)

Marahaba mwanangu. Miezi michache bado sana. Mwaka wa kwanza daftari linakula muda wako na halikupi kitu. Mimi nilianza kuona malipo yake mwaka wa 4 au wa 5, na yalitoka kwenye mvua na chai hizo hizo unazozidharau.

Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba zamani, hapa Uyole, mvua za kupandia zilikuwa zinaingia katikati ya Novemba bila kukosa. Siku moja nikayapanga madaftari mezani nikahesabu. Nilikuta ile "zamani" yangu ni miaka miwili mizuri iliyofuatana, ikanikaa kichwani mpaka ikafunika mingine yote. Ndani ya zamani hiyo hiyo upo mwaka tuliopanda mahindi mara mbili, kwa kuwa mbegu ya kwanza ilinyeshewa siku mbili kisha ikakaukia ardhini. Nilikuwa nimeusahau kabisa. Sisemi hali ya hewa haijabadilika. Nasema kichwa changu kilikuwa shahidi mbaya, na nilikuwa nakitumia kufundishia watoto wa watu. Tangu siku hiyo nagawa mbegu mafungu mawili, mvua ya kwanza sipandi shamba lote.

Uingereza, katika jimbo la Norfolk, alikuwepo mwenye shamba aliyeitwa Robert Marsham. Mwaka 1736 alianza kuandika siku ambayo mti fulani umetoa majani, siku mbayuwayu wamefika, siku vyura wameanza kulia. Alipokufa, ukoo wake uliendelea na kazi hiyo mpaka 1958. Ukisoma mstari mmoja mmoja ni mikavu kuliko yako. Ukiiweka pamoja, wataalamu wanaitumia kuona jinsi miti na ndege wanavyofuata joto na baridi za miaka zaidi ya 200. Sidhani kama mzee yule siku ya kwanza alijua anaanza kitu gani.

Kwa hiyo endelea na mvua yako na chai yako, ila andika kwa namba. "Mvua kubwa" haitakuambia kitu baada ya miaka 10. "Imeanza saa 8 mchana, imejaza ndoo iliyokuwa uani" itakuambia. Andika kilo ulizochuma, bei mliyolipwa, ukungu ulipanda saa ngapi, na nani mlikuwa naye shambani. Hasa huyo uliyekuwa naye.

Dada, nina madaftari saba, na mengi ni machungu ya ndoa yangu ya kwanza. Nimeolewa tena na nina amani. Naogopa kuna siku mtu atayasoma. Niyachome? (Mama wa watoto watatu, Mafinga)

Pole ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara nyingi kabla ya kushika kalamu.

Mama yetu aliugua mwaka 2003 na akafariki mwaka uleule. Nilimuuguza mimi, na kwa miaka 11 baadaye niliamini kwamba dada yangu mkubwa hakutokea hata siku moja. Niliwaambia watu hivyo. Nilikwenda Njombe kwenye harusi ya mwanawe nikakaa nyuma kabisa, nikaondoka kabla ya chakula. Kisha mwaka 2014 nilikuwa natafuta tarehe ya kumbukumbu ya mama, nikafungua daftari la mwaka ule, nikakutana na mwandiko wangu: "Dada amefika kwa basi la usiku. Amelala chini kwenye mkeka kando ya kitanda, amenilazimisha niende nyumbani kuoga." Wiki tatu mbele tena: "Dada amerudi na maziwa na kuni." Alikuja mara mbili. Mimi mwenyewe niliandika, kisha uchovu na msiba vikafuta.

Nilipanda basi kwenda Njombe na daftari kwenye kikapu. Nilimsomea kurasa zile mbili. Hakusema neno. Aliniomba nimwachie daftari alale nalo usiku mmoja.

Malipo mengine yote ya kuandika kwa miaka mingi naweza kuishi bila hayo. Hilo moja siwezi, kwa kuwa lilinirudishia dada yangu akiwa hai.

Sikuambii kwamba ukisoma utakuta mumeo wa kwanza alikuwa mwema. Aliyokutendea unayajua. Ila huenda ukakuta ulikuwa jasiri kuliko unavyojikumbuka, ukakuta na jina la jirani aliyekuletea unga usiku na hujawahi kumshukuru. Kwa sasa yafunge kwenye mfuko wa nailoni, uyapeleke kwa ndugu au shoga usiyemtilia shaka, mbali na nyumba yako mpya. Mpe amri kwamba ukitangulia wewe, ayachome bila kufungua. Mwaka ukipita na bado moyo wako unataka moto, choma. Ni yako, na hakuna mwenye haki ya kukudai.

Mwalimu, nimezaliwa 1954, naishi Kihesa. Je, sijachelewa kuanza? Watoto wako Dar es Salaam na hawana muda wa kusoma mambo ya mzee. (Mzee, Iringa)

Shikamoo mzee wangu. Kamwene.

Mtu akitaka leo kujua maisha ya kila siku Iringa mwishoni mwa miaka ya 1890, Mkwawa akiwa porini anawindwa, mojawapo ya maandishi atakayopewa ni ya Magdalene von Prince. Alikuwa mke wa ofisa Mjerumani aliyeongoza msako ule. Aliishi hapo Iringa, akaandika siku zake, zikachapishwa kwao Ujerumani. Aliyaona mambo kutoka upande wa boma. Mama wa Kihehe aliyekuwa anatwanga ng'ambo ya mto asubuhi zile zile, akisikiliza bunduki ziko upande gani, hakuacha hata mstari. Hatujui aliwaficha wapi watoto. Yeye hakuna aliyemfundisha kuandika. Wewe ulifundishwa, mzee wangu.

Na ulizaliwa mwaka ambao fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga. Mama yako alikusimulia nini kuhusu siku ile? Anzia hapo, iwe ukurasa wa kwanza. Usijibebeshe mzigo wa kupanga maisha yote kuanzia kuzaliwa, utachoka wiki ya pili. Kila Jumapili jambo moja: siku mliyohamia kijiji cha ujamaa na mlichoacha nyuma, mara ya kwanza kupanda treni ya TAZARA, jina la aliyekufundisha kusoma. Mkono ukitetemeka, mwite mjukuu aandike kwa maneno yako mwenyewe, na akitaka kukusahihisha Kiswahili mkatalie.

Kuhusu watoto: hawana muda sasa. Mimi pia sikuwa na muda wa hadithi za baba yangu, na leo ningelipa chochote kupata kurasa zake kumi.

Simu au kaunta buku? (Mwanafunzi, Sinde, Mbeya)

Kaunta buku ya kwaya 3 na kalamu ya kawaida ya wino. Simu imeshaniibia picha za miaka miwili ilipodumbukia kwenye beseni. Ukipenda simu, basi nakili mahali pengine kila mwezi. Madaftari yahifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya kabati, kwa sababu unyevu wa huku hauna huruma na karatasi. Juu ya kila ukurasa andika tarehe kamili na mahali. Majina yanahama: madaftari yangu ya mwanzo yanasema "Njombe, Mkoa wa Iringa", na tangu 2012 Njombe ni mkoa wake. Tunduma nayo ilikuwa Mbeya mpaka Songwe ilipozaliwa 2016.

Niliandika miaka sita, nikaacha miwili. Naona aibu kurudi. Nijaze kwanza siku zilizopita? (Mfanyabiashara, Makambako)

Usijaze. Utaanza kubuni, na ukishabuni ukurasa mmoja hutaamini tena kurasa zako za kweli. Ruka mstari mmoja, andika tarehe ya leo.

Mume wangu alipofariki sikushika kalamu miezi 14. Nafasi ile ipo kwenye daftari, nyeupe, ina upana wa kidole. Juu yake ni orodha ya dawa za hospitali. Chini yake nimeandika: "Leo nimepalilia viazi mpaka saa 5. Jua lilikuwa zuri."