Charger R/T ya 1969 ghalani: soma namba kabla ya kutaja bei

Kaka, hiyo Dodge Charger R/T (toleo la kasi la gari hilo la Kimarekani) uliyoiona ghalani Ohio, anza na namba ya chesisi, kwenye kile kibamba juu ya dashibodi upande wa dereva. Inasomeka kupitia kioo. R/T halisi inaanza na XS29. Ukikuta XP29, ni Charger ya kawaida, hata kama imebandikwa nembo ya R/T. Herufi inayofuata ndiyo injini: L ni 440 Magnum, J ni 426 Hemi, na kwa Hemi, iliyo adimu, bei huwa juu zaidi kabisa. Halafu tafuta tarakimu za mwisho za namba hiyo zilizopigwa kwenye injini yenyewe. Zisipofanana, injini si ile ya kiwandani; mwambie muuzaji ashushe bei, wala usione haya.

Injini iliyokwama isikutishe. Kinachokula pesa ni bodi, maana gari hizi hazina fremu ya kujitegemea. Kutu ikila chini, imekula uti wa mgongo. Kama paa lina vinaili, kagua kuzunguka kioo cha nyuma, maji hujificha pale yakashukia kwenye buti. Inua mkeka. Mimi niliwahi kubonyeza bisibisi kwenye sakafu ya moja iliyokuwa inang'aa kwa nje, ikazama hadi mpini. Nikaondoka na pesa zangu. Beba pia sumaku iliyofungwa kitambaa. Mahali isiposhika, kuna puti iliyoziba kutu au mbonyeo.

Rangi ya kiwandani hata iliyochakaa ina thamani yake, kwa hiyo usimruhusu "akusafishie". Na bei linganisha na zilizouzwa kweli mnadani, si za matangazo.