Igeuze Picha Uone Mgongoni

Nilipoanza kupiga picha nyeusi na nyeupe nilikuwa na walimu wawili, wote wa mbali: Ansel Adams, Mmarekani wa picha za milima, na Henri Cartier-Bresson, Mfaransa wa picha za mitaani. Miaka miwili nikahangaika kutafuta milima ya Adams hapa Mombasa. Picha zilitoka safi, ila hakuna aliyeomba nimsafishie hata moja.

Kilichonizindua ni albamu ya shangazi yangu. Mna picha yake ya usichana, ameketi kwenye stuli, saa mkononi ("ya studio hiyo, mwanangu!"). Buibui lake jeusi si doa. Mikunjo yote unaiona. Nikamuuliza nani alimpiga. "Mhindi mmoja wa mjini." Basi. Nikaichomoa, nikaigeuza: muhuri wa zambarau uliofifia, herufi tatu tu zasomeka.

Kupotelewa na jina hivi, hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 1991 picha za Seydou Keïta wa Bamako zilitundikwa New York zikiwa na maelezo kwamba mpigaji hajulikani, na mwenyewe yu hai Mali na maelfu ya negativu zake, yaani filamu asili za picha. Akatafutwa, na 1994 akafanyiwa maonyesho yake Paris. Leo naye amekuwa mbuyu: ukitaja studio za Afrika, watu husema Keïta na Mmali mwenzake Malick Sidibé, wakanyamaza. Nani anamtaja N. V. Parekh wa hapa Mombasa? Au Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio ya Unguja mwaka 1930? Au Omar Said Bakor wa Lamu, aliyeunganisha picha kadhaa kuwa moja kwa mkono kabla kompyuta hazijafika kwetu?

Kwa hiyo, kabla hujanunua lenzi nyingine, kaombe albamu za wazee. Tazama kivuli cha pua, kitakwambia mwanga ulitoka wapi. Keïta alipenda kupigia uani, mchana, na kwa kawaida mteja alipata pigo moja tu, maana filamu ni pesa. Nilijaribu hivyo: mkanda wa picha 36, watu 36, mlangoni kwa shangazi saa tatu asubuhi, kanga nyuma yao. Tisa zilifaa. Katika milima yangu yote sikupata tisa.

Na negativu usitupe. Ofisi moja iliwahi kuchapisha picha yangu kwenye kalenda bila jina langu. Nilipokwenda kulalamika wakataka ushahidi, nami negativu nilishaipeleka jaani siku nahama nyumba. Nikarudi na kalenda moja ya bure, tena ya mwezi Aprili.

Siku hizi naandika mgongoni kwa penseli laini, kwani wino hupenya: jina langu, la aliyepigwa, mahali, mwaka. Ile ya shangazi pia nimeiandika. Penye jina la mpigaji nimenakili zile herufi tatu, nikaacha nafasi.