Igeuze Raketi ya Mpinzani Kabla Hujacheza

Mashindano yangu ya kwanza ya tenisi ya mezani nje ya nchi nilitolewa na mzee mwenye kitambi. Mimi nilikuwa na miaka 19, yeye kichwa kizima mvi. Kabla ya mechi alininyoshea raketi yake niikague, kama kanuni inavyotaka. Niliipokea, nikatabasamu, nikamrudishia bila hata kuigeuza. Niliona haya kuikagua, kana kwamba namshuku.

Upande mweusi ulikuwa na raba ya vipele virefu. Raba hiyo haitengenezi mzunguko wake, inakurudishia wa kwako kinyume. Nikiukata mpira, yaani nikiuzungusha kurudi nyuma, ulirudi hauna mkato. Nikiukata tena ulipaa, naye akaupiga utosini. Nikivuta tobspini, mzunguko wa kwenda mbele, kwa nguvu zangu zote, ulirudi na mkato mzito ukaniishia wavuni. Seti tatu kwa sifuri. Hata fulana haikulowa.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza namna ya kufika kimataifa, naanza na hilo: igeuze raketi, ipapase pande zote mbili. Kariri upande upi una rangi ipi, maana mpinzani anaweza kuizungusha mkononi mpira ukiendelea, na rangi ndiyo itakayomchoma. Na mvi usizidharau. Ni Xialian wa Luxemburg alicheza Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 61, na mechi yake ya kwanza alishinda.

La pili ni sevu, mpigo wa kuanzisha pointi. Mazoezini kila mtu anapenda kupiga smashi, kwa sababu zina kelele na watu wanageuka kutazama. Lakini hesabu mwenyewe: seti inaishia pointi 11 na mnapokezana sevu mbilimbili, kwa hiyo seti ya 11 kwa 9 ina pointi kumi zinazoanzia mkononi mwako. Zamani, kabla ya 2001, seti ilikuwa ya pointi 21 na ukikosea mwanzoni ulikuwa na muda wa kujikusanya. Siku hizi ukizembea sevu tatu, seti imekwenda.

Chukua ndoo ya mipira, simama peke yako mezani, nusu saa kila siku. Urushe mpira kutoka kiganja kilicho wazi, upae juu angalau sentimita 16, na mpokeaji auone muda wote. Mimi nilizoea kuuficha kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mazoezini hakuna aliyenikemea, nilidhani ni ufundi. Mwamuzi wa kimataifa alinionya mara moja, kisha akaanza kumgawia mpinzani wangu pointi. Kubadili sevu katikati ya mechi ni kama kujifunza kuandika kwa mkono mwingine ndani ya chumba cha mtihani.

Kwenye kupokea, jizoeze kutazama nembo iliyochapwa juu ya mpira. Ukiisoma vizuri, mpira hauna mzunguko, hata kama mpinzani ametikisa mkono kama mganga. Ikiwa imegeuka ukungu, umebeba kitu.

Pesa nazo. Orodha ya ubora ya dunia inajumlisha matokeo yako 8 bora ya miezi 12, na pointi zilizotimiza mwaka zinafutika. Mimi nililielewa vibaya: nikakimbilia kila mashindano, ndege baada ya ndege, natoka raundi ya kwanza, narudi na deni. Afadhali utafute klabu yenye ligi inayokupa mechi ngumu kila wiki, halafu uchague mashindano machache. Quadri Aruna wa Nigeria alipitia klabu za Ulaya, na Rio mwaka 2016 alimtoa Timo Boll wa Ujerumani akawa Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya Olimpiki katika mchezo huu.

Mwisho, raketi panda nayo ndani ya ndege. Mimi niliiweka kwenye sanduku, sanduku likaenda mji mwingine, nikacheza na ya kuazima yenye mpini mnene kama mchi. Raba zake zilikuwa zimekauka, kila tobspini inateleza. Yangu ilirudi siku tatu baadaye, mimi nikiwa nimeshatolewa.