Bonanza lililonila laki sita, na menyu ninayoipika uwanjani sasa

Juzi usiku, nimetoka tu kusugua masufuria, dada mmoja wa Tabora akanitumia ujumbe. Amepata oda yake ya kwanza kubwa. Ofisi fulani inafanya bonanza: timu nne za mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba, halafu chakula cha mchana hapohapo uwanjani, watu 150. Akauliza, "Dada, niwapikie nini ili wasinisahau?"

Swali lile lilinikaa kifuani mpaka nikashindwa kulala. Mwaka 2024 nilijiuliza hilohilo, nikajijibu vibaya, na jibu langu likanila laki sita. Kwa hiyo sikumjibu kwa ujumbe mfupi. Naandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yako wewe unayeuza chapati barazani huku moyoni unaiona siku utakayopika kwa watu mia mbili. Najua upo, maana mimi nilikuwa wewe.

Hamu hii ilinianza Julai 25, 2021. Mtu wa Kigoma haisahau tarehe hiyo. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ililetwa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, na Simba wakashinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Bao lenyewe nilisimuliwa. Nilikuwa nje na ndoo mbili za mihogo ya kuchemsha na sufuria moja ya supu, na kabla ya saa sita mchana vyote vilikuwa vimekwisha. Nikabaki na mwiko mkononi, natazama watu wenye hela zao wanapita wanatafuta cha kula. Kuanzia siku ile nikajua uwanja una njaa yake, tofauti na njaa ya msibani wala ya arusini. Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, walipopanda Ligi Kuu mwaka 2023 nikasema hapa sasa mpira umekuwa wa kwetu kabisa, na mimi lazima nipate nafasi yangu.

Misiba, vipaimara na arusi ndogo nilizopikia katikati hapo nazipita. Zilinifundisha kuhesabu sahani na kununua kwa jumla, basi.

Aprili 2024 ndiyo simu ikaja. Kampuni moja, sitaitaja, ilitaka chakula cha bonanza la wafanyakazi na familia zao mwezi Juni. Watu 120, sahani shilingi 15,000. Jumla milioni moja na laki nane, nusu mkononi, nusu baada ya shughuli. Nilipiga goti nikamshukuru Mungu. Halafu nikakaa na kalamu, nikaandika menyu ya kuwaonyesha kwamba mimi ni mtoto wa Kigoma: mgebuka, samaki wa ziwa letu, mbichi wa kukaanga, mgebuka wa mawese, ugali wa muhogo, wali wa nazi, kuku wa kuchoma, kisamvu, matunda. Kamati ikapitia karatasi, wakafurahi, hasa mgeni mmoja wao aliyetoka Dar es Salaam. Akasema yeye amekuja kula samaki wa Ziwa Tanganyika, vingine atavikuta kwao.

Mei 15 ziwa likafungwa. Mliokuwa mbali labda hamkulisikia vizuri jambo hili: serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Habari ilikuwa imetangazwa mapema. Mimi niliisikia redioni nikiwa nakaanga maandazi, nikajiambia watalegeza. Hawakulegeza. Kibirizi mwaloni pakawa kimya, mitumbwi imepandishwa mchangani, na mimi nina karatasi yenye sahihi yangu inayosema mgebuka mbichi.

Hapa nilikosea kosa la kwanza na ndilo kubwa. Nilipaswa kuipigia kamati simu siku ileile, niseme jamani samaki mbichi hapatikani, tubadilishe. Niliona aibu. Niliogopa watachukua mpishi mwingine. Nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa na akiba ya migebuka ya kukausha kwa moshi tangu kabla ya ziwa kufungwa, nikanunua kwa bei ambayo sitaki hata kuikumbuka, nikasema mawese yatafunika.

Siku yenyewe chakula kilitakiwa kuliwa saa saba mchana. Saa sita na nusu kila kitu kilikuwa mezani chini ya turubai, hotipoti zimepangwa, vitambaa vimenyooshwa. Nilijiona nimefika. Kumbe timu moja ilichelewa asubuhi, ratiba yote ikasogea. Saa saba nusu fainali ndiyo kwanza inaanza. Saa nane fainali. Ikaisha sare, wakapiga penalti. Nikasogea kwa mwenyekiti wa kamati nikamwomba tugawe hata kwa watoto. Akanijibu kwa upole tu, "Mama, subiri kidogo, mgeni rasmi hajaongea."

Mgeni rasmi akaongea. Vikombe vikatolewa, picha zikapigwa. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, ule wa Juni unaoinua vumbi na kupuliza majivu ya jiko mpaka makaa yanabaki hayana nguvu.

Saa tisa na nusu foleni ikapangwa. Nikafunua hotipoti ya mgebuka wa mawese kwa mkono wangu mwenyewe. Mchuzi ulikuwa umefanya ngozi ya rangi ya machungwa juu yake. Nikaugusa kwa ncha ya upawa, ngozi ikakunjika kama malai ya maziwa, na chini yake mafuta yalikuwa yameshikamana na samaki kama nta. Kila mtu aliyekulia na mawese anajua kwamba yakipoa yanaganda. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto, na bado niliyaweka mezani saa tatu kabla ya mtu kula. Nikarudisha haraka jikoni nipashe, nikakoroga kwa pupa, na samaki wale wakavu wakasambaratika wakawa unga. Ugali ulikuwa umekauka ganda. Wali wa nazi niliunusa, sikuuamini, nikauzuia usigawiwe. Ule uamuzi peke yake ndio ninaojivunia siku ile.

Kuna mama mmoja, bado amevaa jezi ya netiboli, alichukua sahani yake, akatazama, akaisukuma taratibu chini ya kiti. Hakusema neno. Sahani ile naiona mpaka leo.

Salio langu lilikuwa laki tisa. Walinilipa laki tatu, baada ya wiki tano za kupiga simu. Kwamba mgebuka haukuwa mbichi kama tulivyoandikiana, walikuwa na haki, na nimeshaomba radhi. Lakini saa mbili na nusu za kuchelewa hazikuwa zangu, na kukatwa fedha yote ile kwa kuchelewa kwao kuliniuma na kunaniuma. Nimelipa mchele, nimelipa kuku, nimelipa mabinti watano waliosimama juani toka alfajiri. Nasema kwa sababu najua wengi mmepitia na mnanyamaza.

Sasa sikiliza, ndugu yangu unayepika. Arusini mpishi ana sauti. Wakichelewa, MC atakuja kukuuliza chakula kikoje. Uwanjani mwenye sauti ni filimbi, na filimbi haijui pilau lako. Usianze na swali la utapika nini. Anza na ratiba: timu ngapi, dakika ngapi kila mechi, nani anakabidhi vikombe, kabla au baada ya kula. Ukishapata saa waliyosema, ongeza saa mbili kichwani, ndipo uchague chakula kinachoweza kuzisubiri hizo saa mbili. Ndio siri yote. Ukiniuliza mara kumi nitakujibu mara kumi: ratiba.

Mwezi uliopita nilipikia bonanza la chama kimoja cha kuweka na kukopa, watu 200, uwanja wa shule. Nilikwenda mara mbili kwenye vikao vyao vya kamati kabla sijataja hata mchele. Nikawaambia chakula kitakuwa cha mafungu matatu.

Asubuhi kabla ya michezo, chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha, karanga, mayai na ndizi mbivu. Vyepesi, maana mtu akila supu nzito ya kongoro na chapati nne saa mbili halafu saa tatu yumo uwanjani, utamwona ameshika ubavu. Katikati, maji kwa wingi, machungwa na tikiti. Tikiti silikati nyumbani. Nakata palepale, kisu chake peke yake, ubao wake peke yake, na linafunikwa kwa sababu ya vumbi na nzi.

Na dagaa! Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nilikaanga dagaa wakavu mpaka wakalia, nikawapiga chumvi, ndimu na pilipili ya unga, nikawagawa kwenye vikaratasi vya kukunja kama wanavyouza karanga. Watu walikula wamesimama pembeni ya mstari, macho kwenye mpira, vidole vinachovya bila kuangalia. Dagaa wa kukaanga hawapoi wakaharibika ladha, hawahitaji sahani wala kijiko, na hakuna mgeni rasmi wa kuwasubiri. Niliwanunua siku za giza, zisizo na mbalamwezi, na wewe ufanye hivyo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wengi wanapumzika, na bei inapanda. Ukutani kwangu nina kalenda nimezungushia siku za mbalamwezi kwa kalamu nyekundu, na miezi ile ya kufunga ziwa nimeipaka rangi yote.

Chakula kikubwa kilikuwa pilau ya ng'ombe, maharage ya Kasulu, kuku wa kuchoma na kachumbari. Pilau inavumilia. Unaifunga vizuri, makaa machache juu ya mfuniko na machache chini, na inakungoja. Afisa afya mmoja alinifundisha kwamba chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60, na kilichopoa kisikae nje zaidi ya saa mbili, basi nimenunua kipimajoto na ninakitumbukiza kweli, si cha mapambo. Kuku nilichoma kwa zamu, filimbi ya mwisho ilipokaribia. Kachumbari ikakatwa watu wakiwa tayari wanapanga foleni. Mwisho nikaweka karai moja la mafuta na migebuka mibichi, sufuria moja ya ugali wa muhogo unasongwa hapohapo, kwa wazee na wanaoutaka. Samaki anatoka kwenye mafuta anaingia kwenye sahani. Mzee mmoja wa Ujiji alirudi mara tatu. Mara ya tatu hakuleta sahani, alikuja kunishika mkono.

Walichelewa, ndiyo. Saa moja na dakika arobaini. Sikutetemeka.

Mambo mengine nayataja harakaharaka. Mchele uwanjani nahesabu kilo moja kwa watu sita, wakati arusini ilikuwa inatosha wanane, kwa sababu watu wamekimbia. Maji ya kupikia na kunawa beba ya kwako kwenye madumu, bomba la uwanja usiliamini. Nyama achinje Mwislamu ili kila mtu ale kwa amani. Majiko usiyaweke juu ya nyasi, tandika bati, kwa heshima ya anayezitunza. Wasaidizi wako wawe wamepima afya. Mayonezi usiipeleke juani, hata wakikubembeleza.

Na acha kuwa mwoga mbele ya kamati. Mpishi anayeogopa kusema "hiki hakipatikani" anajichimbia shimo mwenyewe, kisha analia watu wabaya. Sema mapema, sema kwa adabu, toa mbadala. Mteja akikukimbia kwa sababu ya ukweli, mwache aende. Mungu atakuletea mwingine.

Dada yangu wa Tabora, kwako. Usinunue migebuka ya kwetu isafiri kwa treni ili tu uonekane mkubwa. Una karanga, una asali, una matobolwa na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ambayo watu wa ofisini hawajaila tangu walipoondoka kwa bibi zao. Asubuhi wape matobolwa na karanga pamoja na chai, uone watakavyokuuliza umeyatoa wapi. Mchana pilau na kuku. Leo ukipata nafasi nenda uwanjani kwenyewe, saa nane mchana, usimame pale watakapokuonyesha pa kupikia, uangalie kivuli kinaangukia wapi na upepo unatoka upande gani.

Kwenye karatasi ya makubaliano andika saa ya kula. Chini yake andika kwamba wakipitisha saa mbili, ubora wa chakula si dhamana yako na salio linabaki palepale. Mwenyekiti aweke sahihi kwenye mstari huohuo, si mwisho wa ukurasa. Na robo tatu ya fedha iwe imeshaingia kwenye simu yako kabla hujawasha jiko. Mimi wale wa mwezi uliopita walisita, nikawasubiri siku nne bila kuwapigia, wakalipa.